Dalili za Machipuko: Madaftari Mawili ya Kiingereza na Swali la Mbayuwayu

Februari katika mashamba ya Uingereza si mwezi wa kusifiwa. Jua huchelewa kuchomoza na huwahi kutua. Miti imesimama mitupu. Asubuhi sakitu huzilaza nyasi, na mchana njia ni tope tupu. Walakini ndio mwezi ambao mtu mwenye macho na masikio huanza kupata la kuandika. Kunguru weusi waishio kwa makundi hurudi juu ya miti mirefu na kugombea vijiti vya viota vya mwaka uliopita. Vyura hulia katika vidimbwi ambavyo usiku wa jana vilikuwa na barafu. Kipepeo wa manjano, ambaye majira yote ya baridi alijificha katika majani yasiyopukutika, hutoka siku moja ya jua, akaruka kitambo kidogo, kisha akarudi mafichoni kana kwamba amejuta. Mambo haya kila mkulima aliyaona, na baba yake kabla yake. Lililokuwa jipya katika karne ya 18 ni kuyaandika, kila moja na tarehe yake, mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka.

Mtu aliyefanya hivyo kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Robert Marsham, bwana shamba wa Stratton Strawless, kijiji kilichopo kaskazini ya mji wa Norwich. Alizaliwa mwaka 1708, na mwaka 1736 alianza kuandika siku aliyoona au kusikia kila alichokiita dalili ya machipuko. Dalili zake zilikuwa 27. Baadhi zilikuwa za mimea: ua dogo jeupe litangulialo mengine yote, majani ya kwanza ya mwaloni, ya mbetula na ya miti mingine mingi. Nyingine zilikuwa za wanyama: mlio wa vyura, wimbo wa ndege, kunguru kujenga viota, makinda yao kutokea, kipepeo wa manjano, mbayuwayu wa kwanza, sauti ya kekeo. Kwa nini alijitia katika kazi hiyo? Marsham alikuwa mpenzi wa miti. Aliipanda, akaipima unene kwa kamba, akatafuta njia ya kuifanya ikue upesi, kwa maana mbao zilikuwa mali kubwa katika nchi iliyojenga merikebu. Mtu atakaye kujua mti hukua vipi hana budi kujua kwanza huamka lini. Haikuwa falsafa, ilikuwa hesabu ya shamba.

Asomaye hesabu za namna hiyo leo hukutana na mtego mlangoni. Hata mwaka 1752 Waingereza walifuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya kalenda ya sasa kwa siku 11. Mwaka huo, siku iliyofuata tarehe 2 Septemba ikawa tarehe 14. Zaidi ya hayo, mwaka wao wa kisheria ulikuwa ukianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari ambayo kwetu ni ya 1740 iliweza kuandikwa kuwa ni ya 1739. Mtu akilinganisha vyura wa kabla ya 1752 na vyura wa baadaye pasipo kujua wameandikwa kwa kalenda ipi, atadhani wamechelewa karibu wiki mbili, kumbe ni kalenda iliyoruka. Waswahili wa pwani, waliozoea kuhesabu miongo tangu Nairuzi ili wajue majira ya kupanda na ya kusafiri, hawahitaji kuelezwa sana juu ya hatari ya kupotewa na hesabu ya siku.

Marsham alichapisha orodha yake mwaka 1789 katika Philosophical Transactions, jarida la Royal Society ya London, baada ya uangalizi wa zaidi ya miaka 50. Mwaka huo huo, ambao Wafaransa walikuwa na shughuli nyingine kubwa zaidi mjini Paris, kilitolewa kitabu cha mtu wa pili, ambaye jina lake limelifunika kabisa lile la Marsham.

Gilbert White alizaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, jimbo la Hampshire, na baada ya masomo yake Oxford alirudi huko huko, akaishi bila kuoa, akifanya kazi ya kasisi msaidizi. Nyuma ya nyumba yake uliinuka mlima wa chokaa uliovikwa msitu mkubwa. Alianza na daftari la bustani mwaka 1751: matango, mbegu, samadi. Mwaka 1768 alianza kutumia daftari lililochapwa mistari maalumu, alilopewa na Daines Barrington, mwanasheria aliyependa elimu ya viumbe. Lilikuwa na mahali pa kuandikia upepo, kipimahewa, kipimajoto, mvua, majani ya kwanza, maua ya kwanza, ndege na wadudu waliotokea au waliotoweka. White alilijaza kwa miaka 25, hata mwezi aliokufa.

Yafaa kusema wazi tofauti ya watu hawa wawili. Marsham alijua anachokingoja. Dalili zake 27 zilikuwa zile zile kila mwaka, na thamani yake yote imo katika kutobadilika huko. White alikuwa mtu wa kushtukizwa. Alisikiliza mpaka akasikia kitu ambacho hakikuwamo katika orodha. Mfano ulio bora ni ule wa ndege wadogo wa rangi ya kijani iliyofifia, ambao wataalamu wengi waliwahesabu kuwa ni aina moja. White aliwatenga kuwa aina tatu, na mwaka 1768 alimwandikia mtaalamu Thomas Pennant kuhusu jambo hilo. Alianzia katika sauti: mmoja hurudia noti mbili kali, wa pili hushusha wimbo laini kama kicheko, wa tatu hutoa mlio wa kutetemeka juu kabisa ya miti mirefu. Kisha akawashika mkononi, akalinganisha ukubwa na rangi ya miguu, naye akaona sikio halikumdanganya. Yule mwenye noti mbili humhusu sana mwangalizi wa mwisho wa baridi, kwa kuwa ni miongoni mwa wageni wa kwanza kabisa. White alizoea kumsikia karibu na tarehe 20 Machi, wakati msitu ungali uchi na sauti yake ikirudishwa na mwangwi.

Mgeni huyo alileta swali lililokuwa gumu kuliko sauti yake. Ametoka wapi? Na mbayuwayu, ambaye kwa kawaida White alimwona kiasi cha tarehe 13 Aprili, alikuwa wapi tangu Oktoba?

Majibu yalikuwapo tele, tena ya watu wakubwa. Aristotle alisema kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha katika mashimo. Olaus Magnus, askofu wa Uswidi, mwaka 1555 alichapa picha ya wavuvi wakivuta wavu wenye samaki na mbayuwayu pamoja, maana aliamini kwamba ndege hao hulala chini ya maji ya maziwa. Linnaeus mwenyewe, bwana wa majina ya viumbe vyote, alilikubali neno hilo la maji. Charles Morton, Mwingereza wa karne ya 17, aliwapeleka mwezini. Msomaji wa leo hucheka, lakini kicheko hicho ni cha bei rahisi. Mtu aliyeona mbayuwayu elfu wamejikusanya jioni katika matete ya ziwa, na kesho yake asione hata mmoja, alikuwa na sababu ya kuyatazama maji kwa mashaka. Kwa upande mwingine, kumwambia mtu kwamba ndege asiyefika uzito wa gramu 25 amevuka bahari na jangwa ili apate nzi, kisha atarudi chini ya paa lile lile, kulikuwa ni kumtaka aamini jambo la ajabu zaidi ya picha ya Olaus.

White alisimama katikati ya hoja hizo, akivutwa huku na huku. Ndugu yake John alikuwa kasisi wa Waingereza huko Gibraltar, akamwarifu kwamba ndege wengi wa jamii hiyo huvuka mlango wa bahari kwenda na kurudi. Tena Mfaransa Michel Adanson, aliyekaa Senegal kuanzia mwaka 1749, alikwisha kuandika kwamba amewaona mbayuwayu wa Ulaya huko wakati wa baridi ya kwao. Habari hii iliyotoka Afrika ndiyo iliyokuwa sahihi. Lakini Barrington, yule yule aliyempa White daftari, aliupinga ushahidi wa Adanson mwaka 1772 katika makala ndefu, kwa ufundi wa mwanasheria anayemhoji shahidi ambaye hayupo barazani. White alimheshimu Barrington. Zaidi ya heshima, palikuwa na yale aliyoyaona yeye mwenyewe pale Selborne mwisho wa majira ya baridi, na hayo yalimvuta upande wa usingizi.

Aliwaona popo. Aliandika kwamba popo hutoka wakati wowote wa mwaka, hata katikati ya baridi, maadamu kipimajoto kimepanda kupita digrii 50 za Fahrenheit, yaani 10 za Celsius. Alijua kalunguyeye hulala. Alijua vipepeo hulala. Na tangu mwaka 1780 alikuwa na kobe. Kobe huyo, aliyeitwa Timothy ingawa gamba lake lilionyesha baadaye kwamba alikuwa jike, alikuwa wa shangazi yake aliyeishi Ringmer katika Sussex. Mwezi wa Machi mwaka ule White alimchimbua katika udongo alimokuwa amelala, akamfungasha, akamleta kwa gari la farasi safari ya maili 80 kwa hesabu yake. Mtikiso ulimwamsha. Alipowekwa bustanini alitembea mara mbili hata mwisho wa bustani, lakini jioni ilipoingia baridi alijizika upya, na White akabaki akitazama mchanga uliovurugwa. Kiumbe chenye damu, kilichokuwa hai saa chache zilizopita, kimejifanya udongo kwa hiari yake. Ikiwa kobe aweza, na popo aweza, kwa nini asiweze mbayuwayu?

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa hoja ya mtu aliyekubali tu yale aliyoyaona karibu, na ubaya wake ulikuwa huo huo. White alizingatia kwamba mbayuwayu wachache huonekana siku za joto mwishoni mwa vuli, baada ya wenzao kutoweka, na kwamba wengine hutokea mapema mno, kisha hupotea tena baridi ikirudi. Alifikiri: ndege aliyekwisha safari ya mbali angepotea kwenda wapi? Mwaka 1781 aliajiri watu wapekue vichaka na mashimo ya mlima wa Selborne aliposhuku kwamba wamelala. Hawakupata kitu. Aliandika kwamba hawakupata kitu. Katika karne iliyojaa watu walioapa kwamba rafiki wa rafiki yao alikuta mbayuwayu waliokauka ndani ya mnara, huyu alikuwa mtu aliyetamani kuwaona, akalipa ujira ili waonekane, kisha akaandika kushindwa kwake kwa wino ule ule alioandikia mvua. Hapo ndipo heshima yake ilipo, kuliko katika kurasa zake nyingi zinazosifiwa kwa uzuri wa maneno.

Palikuwa na watu wengine walioziona siku ambazo White hakuziona. Wafugaji na wakulima wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini huwaona mbayuwayu wa Ulaya na Asia kuanzia Septemba hivi hata mwezi wa Aprili, wakiruka chini chini nyuma ya mifugo na kujipanga jioni katika matete, wamechanganyika na mbayuwayu wa kienyeji ambao huzaa huku huku. Kwao ndege hawa ni wa mwezi wa mvua, si wa machipuko, hawajengi, hawatagi, huja, hula, huondoka. Hivyo maisha ya ndege mmoja yaligawanywa vipande viwili, nusu ikajulikana Selborne na nusu ikajulikana Afrika, na kati yao hapakuwa na barua. White aliweza kuketi bustanini akizidisha uangalifu miaka mia, asingekamilisha ukurasa ule, kwa kuwa haukuwa ukurasa wa Hampshire.

Marsham alikisoma kitabu cha White na mwaka 1790 akamwandikia. Wazee hawa wawili, mmoja wa miaka 82 na mwingine wa miaka 70, wakawa marafiki wa barua, wakapelekeana habari za unene wa miti, za kekeo na za mbayuwayu. Habari za White kwa Marsham ziliendelea hata siku chache kabla ya kifo chake, tarehe 26 Juni 1793. Kobe Timothy aliishi mwaka mmoja zaidi. Gamba lake limo katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini London. Marsham alifariki mwaka 1797, na swali la mbayuwayu likawabakia wengine.

Jibu la kwanza lisilokanushika lilikuja na ndege mwingine. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Mecklenburg, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umempenya shingoni. Mkuki huo wa urefu wa sentimita 80 ulikuwa umetengenezwa Afrika. Korongo alikuwa amepigwa huku, akanusurika, akaruka na silaha ya aliyempiga mwilini hata Ulaya ya kaskazini. Mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mtu wa Afrika asiyejulikana jina aliandika barua ile iliyokosekana, ingawa nia yake ilikuwa kitoweo.

Baadaye ikaja njia ya upole. Mwaka 1899 mwalimu wa Kidenmarki, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za aluminiamu zenye nambari. Tarehe 6 Mei 1911 John Masefield, mwanasheria wa Cheadle katika Staffordshire, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo alipatikana shambani karibu na mji wa Utrecht, Natal, Afrika ya Kusini, na nambari yake mguuni. Yale majira ya baridi ambayo White alishuku kwamba wamelala vichakani, mbayuwayu wa Uingereza walikuwa kiasi cha kilomita 10,000 mbali, katika kiangazi cha watu wengine.

Orodha ya Marsham nayo ilipata maisha ambayo mwenyewe hakuyakusudia. Watoto na wajukuu wake waliendelea kuijaza, ingawa imo miaka iliyorukwa, hata mwaka 1958. Mwaka 1926 Ivan Margary aliichambua kando ya hesabu za hali ya hewa, na wengine wakafuata. Imedhihirika kwamba tarehe za majani ya kwanza hutii zaidi joto la miezi ya Januari, Februari na Machi, yaani miezi ile ile ambayo mtu asiyeangalia hudhani haitendi kitu. Kwa hiyo tarehe za bwana shamba zimekuwa kipimajoto cha zama zisizo na vipimajoto vingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 chini ya Ulf Büntgen wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulikusanya kumbukumbu zaidi ya 400,000 za maua ya kwanza ya aina 406 za mimea ya Uingereza, tangu mwaka 1753. Ulionyesha kwamba katika miaka ya 1987 hata 2019 maua yalitangulia, kwa wastani, siku 26 kuliko zamani. Siku 26 si kosa la kalenda.

Mmea hubaki mahali pake na kulifuata joto. Ndege atokaye mbali ana taabu nyingine, kwa sababu huko aliko hakuna kitu cha kumwambia kwamba mwaloni wa Ulaya umewahi. Mwaka 2001 Christiaan Both na Marcel Visser walieleza habari za ndege mdogo wa Uholanzi, mweusi kwa mweupe, akamataye wadudu, ambaye majira ya baridi hukaa Afrika ya Magharibi. Machipuko ya Uholanzi yalikuwa yamewahi. Ndege huyo aliwahisha kutaga, lakini siku yake ya kufika haikuwa imesogea. Ukawa muda wake wa kupumzika baada ya safari umefupishwa, na hata hivyo viwavi ambao ni chakula cha makinda walikuwa wakimtangulia. White aliuliza mbayuwayu yuko wapi. Watafiti wa sasa wanajua aliko, nao huuliza kama atafika kwa wakati.

Na yule mwenye noti mbili, aliyekuwa dalili ya tarehe 20 Machi? Baadhi ya aina yake siku hizi hukaa kusini ya Uingereza majira yote ya baridi, kandokando ya mito na mahali penye wadudu. Mtu akisikia sauti yake Selborne mwishoni mwa Februari, ataiandika tarehe, lakini hana njia ya kujua kwa sikio peke yake kama ndege huyo amewasili au hakuondoka.